Mwaka wa kwanza wa uhandisi: mwongozo kamili kwa kijana anayetoka Tanga

Mabasi yanayotoka stendi ya Kange mwezi wa Oktoba na Novemba hubeba kila mwaka vijana wenye begi la nguo, ndoo ya kifuniko na godoro lililofungwa kamba. Baadhi wanakwenda kusoma uhandisi: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) au Chuo Kikuu Ardhi, wengine Chuo cha Ufundi Arusha, wengine MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia kule Mbeya. Wametoka Usagara, Galanos, Tanga Ufundi na shule za mbali zaidi, na matokeo yao ya PCM (fizikia, kemia, hisabati) au PGM (fizikia, jiografia, hisabati) ni ya kujivunia. Muhula mmoja ukipita, baadhi yao tayari wana sapu, yaani mtihani wa marudio, ya hisabati au ya mekanika.

Mada zenyewe si sababu kubwa. Nusu ya mada za muhula wa kwanza umeshazigusa kidato cha sita. Kilichobadilika ni namna alama zinavyopatikana. Kidato cha sita ulisoma miaka 2 ukisubiri mtihani mmoja wa NECTA, ukabusti miezi ya mwisho, ukafaulu. Chuoni alama zinaanza kuhesabiwa wiki ya 4 au ya 5, na muhula wote una wiki 15 hivi za masomo. Anayesubiri kubusti mwishoni anakuta robo au theluthi ya alama zake zimeshaandikwa, na haziandikwi upya. Kwa hiyo mwongozo huu wote umejengwa juu ya kipimo kimoja: wiki.

Kabla ya kupanda basi

Kati ya kumaliza JKT na chuo kufunguliwa kuna wiki kadhaa ambazo wengi huzimaliza barazani. Zitumie hivi.

Anza na karatasi. Fomu ya kujiunga na chuo ikitoka, ichapishe na uisome neno kwa neno, maana kila chuo kina masharti yake. Karibu vyote vinataka cheti halisi cha kuzaliwa, vyeti au matokeo ya kidato cha nne na cha sita, picha ndogo za pasipoti, namba ya NIDA na fomu ya uchunguzi wa afya iliyojazwa na daktari wa hospitali inayotambulika. Fomu ya afya usiiache hadi wiki ya safari. Ukifika Bombo siku moja kabla ya kusafiri unaweza kukuta foleni ya kipimo kimoja inakula siku nzima. Toa nakala 5 za kila cheti, halafu piga picha kila karatasi na ujitumie kwenye barua pepe yako mwenyewe. Karatasi hupotea kwenye mabasi. Kama umechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, thibitisha kimoja ndani ya muda uliotangazwa na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine.

Kisha hisabati. Chukua daftari moja, na kwa wiki 4 fanya maswali 10 kwa siku: ya kutafuta kiwango cha badiliko, ya intigresheni, ya vekta na ya trigonometria. Hakuna haja ya kusoma mbele. Mhadhiri wa chuo huandika hatua tatu kwa mstari mmoja akijua kwamba aljebra iko mkononi mwako. Ikiwa imepata kutu, utamfuata kwa macho lakini kichwa kitabaki nyuma, na hapo ndipo watu husema somo ni gumu.

La tatu ni mikono. Kijana wa Tanga Ufundi ameshashika tupa na jiliwa (kibanio cha mezani). Aliyetoka shule ya kawaida huenda hajawahi. Nenda kwa fundi wa kuchomelea au wa kuchonga mbao pale Ngamiani au Makorora, omba kwa heshima umsaidie siku kadhaa, umshikie vyuma na kumpimia. Kama nyumbani kuna uwezo, VETA Tanga hutoa kozi fupi. Siku 10 za kushika vifaa zitakuondolea woga wa karakana, na woga ndio unaoumiza watu kule.

Vitu vya kununua ni vichache kuliko watu wanavyodhani. Kikokotoo cha sayansi kisichohifadhi programu, kwa sababu vyuo vingi havikubali kingine kwenye chumba cha mtihani. Ubao wa kuchorea na rula ya T subiri ufike, kwani chuo kinaweza kuwa navyo. Lakini pembetatu mbili (ya 45 na ya 30 na 60), bikari nzuri, penseli za 2H, H na HB, ufutio mweupe na kipande cha msasa laini nenda navyo. Ovaroli na viatu vya usalama nunua baada ya kuambiwa rangi inayotakiwa. Kompyuta si lazima iwe mpya: yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD ya GB 256 inatosha kazi zote za mwaka wa kwanza. Ukinunua iliyotumika, iwashe bila chaja kwa nusu saa ukiwa hapo hapo dukani. Betri iliyochoka ndiyo hasara ya kwanza, na muuzaji hatakutajia.

Wiki mbili za mwanzo

Usajili hauishi kwa kulipa ada. Kuna kusajili kozi kwenye mfumo wa chuo, na hapa wengi huteleza: mtu anahudhuria kozi muhula mzima, anafanya majaribio, lakini jina lake halimo kwa sababu hakuisajili. Ukimaliza kusajili, chapisha ukurasa wenye orodha ya kozi zako na uuhifadhi. Fuatilia kitambulisho na bima ya afya wiki hiyo hiyo, usisubiri hadi malaria ikukamate.

Tafuta vitu vitatu kabla wiki ya pili haijaisha. Kimoja ni mpangilio wa kila kozi, ile karatasi inayoonyesha mada, vitabu na mgawanyo wa alama. Cha pili ni namba ya CR, mwakilishi wa darasa lako, kwa kuwa mabadiliko ya vyumba na tarehe za majaribio hupitia kwake. Cha tatu ni maktaba: ingia, jisajili, na azima kitabu kimoja cha mekanika na kimoja cha hisabati kabla ya wengine kuviona. Madesa, yaani muhtasari wa masomo unaozunguka kwenye makundi ya simu, ni mazuri kwa kupitia, lakini yameandikwa na mwanafunzi mwenzako aliyekuwa na haraka. Makosa yake ya alama ya kutoa yamenakiliwa vizazi na vizazi.

Hesabu ya muda

Nchini kwetu krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mmoja wa masomo una krediti 120. Maana yake muhula una krediti 60, sawa na saa 600. Zigawe kwa wiki 15: unapata saa 40 kwa wiki. Hiyo ni kazi ya mtu aliyeajiriwa, na ndani yake vipindi vimeshahesabiwa. Ikiwa ratiba yako ina saa 24 za darasani na karakanani, umebaki na saa 16 za kujisomea kila wiki. Si 5, wala si 50.

Kozi ya krediti 12 inadai saa 120, yaani 8 kwa wiki. Ukiwa na vipindi vya saa 5, saa 3 zilizobaki ni deni lako. Deni la saa 3 ukilipuuza wiki 5 limekuwa saa 15 kwa kozi moja, na una kozi 5 au 6. Hapo hakuna usiku wa kukesha unaoweza kulilipa.

Zipange hivi. Siku hiyo hiyo ya kipindi, kabla ya kulala, kaa dakika 30 na uandike upya mfano mmoja wa darasani bila kuangalia daftari. Ukikwama, weka alama hapo ulipokwama. Hilo ndilo swali la kumpelekea mwalimu wa tutoriali. Katikati ya wiki tenga vipande viwili vya saa 2 kwa kila somo la hesabu. Jumamosi asubuhi iwe ya kazi za kuwasilisha na ripoti za maabara. Acha jioni moja na siku moja ya mapumziko kamili, na uzilinde kama unavyolinda kipindi. Mwili usiopumzika huanza kulala darasani wiki ya 7, na wiki ya 7 ndipo majaribio yanapoanza kurundikana.

Mekanika: pale wanapoangukia wengi

Statiki ni somo la kuchora kabla ya kuwa somo la hesabu. Anayekimbilia fomula bila kuchora hukosa hata akiwa na akili nyingi. Tuchukue mfano mmoja na tuufanye polepole.

Mbao ya mita 4 yenye uzito wa kilo 20 imelazwa juu ya mawe mawili, moja kila ncha. Gunia la machungwa ya Muheza la kilo 100 limewekwa mita 1 kutoka ncha ya kushoto. Kila jiwe linabeba kiasi gani?

Hatua ya kwanza, itenge mbao peke yake. Chora mstari mmoja, ondoa mawe, ondoa gunia, ondoa ardhi. Mahali pa kila kitu ulichokiondoa, weka mshale wa nguvu kilichokuwa kikiitoa: mishale miwili kwenda juu kwenye ncha, uiite A na B, mshale kwenda chini pale gunia lilipokuwa, na mshale wa uzito wa mbao yenyewe, katikati, mita 2 kutoka kila ncha. Huu mshale wa mwisho ndio unaosahaulika zaidi.

Hatua ya pili, badilisha kilo kuwa nyutoni. Gunia ni 100 × 9.81 = 981 N. Mbao ni 20 × 9.81 = 196.2 N. Mtu anayeandika kilo kwenye mlinganyo wa nguvu hupoteza alama hata kama uwiano wake umetoka sawa.

Hatua ya tatu, chagua pa kuzungushia. Chagua ncha ya A, kwa sababu nguvu ya A haina mkono hapo na inajitoa yenyewe kwenye mlinganyo. B × 4 = 981 × 1 + 196.2 × 2 = 1373.4. Kwa hiyo B = 343.35 N.

Hatua ya nne, jumla ya kwenda juu iwe sawa na ya kwenda chini: A = 981 + 196.2 − 343.35 = 833.85 N.

Hatua ya tano ni ya kujikagua, na mwanafunzi mzuri haiachi. Zungusha upya, safari hii ukiwa B: A × 4 inapaswa kuwa 981 × 3 + 196.2 × 2 = 3335.4, na 833.85 × 4 ni 3335.4. Kisha jiulize kama jibu lina akili: gunia liko karibu na A, basi A lazima abebe zaidi. Ndivyo ilivyo.

Maswali ya mtihani yatakuwa na magumu zaidi, yenye bawaba, kamba za mshazari na misuguano, lakini hatua ni hizo hizo 5. Fanya maswali 8 kwa wiki kwa mtindo huu, kila moja kwenye ukurasa wake, mchoro ukiwa mkubwa wa nusu ukurasa. Mchoro mdogo wa pembeni huficha mishale.

Na kabla ya kila swali lenye pembe, tazama kioo cha kikokotoo. Kikiwa kwenye radiani badala ya digrii, sain ya 30 itakuja −0.988 badala ya 0.5, na utatembea na kosa hilo hadi mwisho wa karatasi. Jenga mazoea: ukiketi kwenye chumba cha mtihani, jambo la kwanza bonyeza sain 30 uone.

Uchoraji wa kihandisi

Waliotoka PCM bila somo la ufundi hushtuka hapa, kwa sababu hakuna cha kukariri. Unaonyeshwa kitu na unatakiwa kukichora kama kinavyoonekana mbele, juu na ubavuni. Jicho la kufanya hivyo hujengwa kwa mikono.

Nunua mche wa sabuni ya kufulia. Kata kipande cha milimita 60 kwa 40 kwa 40, kisha kwa kisu ondoa kona moja ya juu, upana milimita 30 na kina milimita 20, uachwe na umbo la ngazi. Kiweke mezani mbele yako. Funga jicho moja, kitazame kwa mbele na uchore unachokiona: umbo la ngazi. Sasa simama ukitazame kutoka juu kabisa: unaona mstatili wenye mstari mmoja katikati, na mstari huo ndio ukingo wa ngazi. Kwa mtindo wa pembe ya kwanza, mwonekano wa juu unachorwa chini ya ule wa mbele, na mwonekano wa ubavu wa kushoto unachorwa upande wa kulia. Wengi huugeuza. Ukikumbuka kwamba kitu kimebiringishwa juu ya karatasi, hutageuza tena. Ukimaliza, toboa tundu kwenye sabuni kwa penseli na uchore upya. Kingo za tundu zisizoonekana kwa nje sasa ni mistari ya vipandevipande. Wiki moja ya kukata sabuni hufundisha kuliko kutazama michoro ya wengine mwezi mzima, na sabuni inabaki kufulia.

Kuhusu usafi wa karatasi: mistari ya ujenzi kwa 2H, nyepesi kabisa, mistari ya umbo kwa H au HB, mizito. Noa ncha kwa msasa kila baada ya dakika chache. Joto la Dar ni la pwani kama la kwetu, mkono hutoa jasho na jasho huburuta risasi ya penseli. Weka karatasi safi chini ya kiganja, chora kuanzia juu kushuka chini, na usivute pembetatu juu ya mstari mbichi, inyanyue. Andika vipimo mwishoni, kwa milimita, bila kurudia kipimo kimoja mara mbili.

Karakana

Kazi ya kwanza mara nyingi ni kupiga tupa kipande cha chuma hadi kiwe na pembe sawa. Inaonekana ndogo na inakula siku. Funga chuma kwenye jiliwa kiwe usawa wa kiwiko chako. Tupa hukata ikisukumwa mbele. Ikirudi, inyanyue kidogo, kwani kuiburuta nyuma kunaua meno yake. Kosa la kila mgeni ni kuibembeza, mkono wa nyuma ukishuka mwanzoni na wa mbele ukishuka mwishoni, na chuma kinatoka na mgongo kama wa samaki. Kaza mkono wa mbele unapoanza, na hamishia nguvu mkono wa nyuma kadiri tupa inavyosonga. Kila mapigo 20, weka skwea juu ya chuma na ukiinue kwenye mwanga wa dirisha: panapopita mwanga ni shimo, panapoziba ni kilima. Piga kilima tu.

Kipimo cha vernia utakutana nacho siku hiyo hiyo. Soma kwanza milimita kamili kabla ya sifuri ya kipande kinachoteleza, tuseme 23. Kisha tafuta mstari wa kipande hicho unaolingana sawasawa na mstari wa juu. Kama ni wa 14 na kila mmoja ni 0.02, ongeza 0.28. Jumla 23.28. Lakini kabla ya yote, funga taya zake na usome: kama hazionyeshi sifuri bali 0.04, vipimo vyako vyote vitatolewa 0.04, na jibu ni 23.24. Kipimo cha karakana ya wanafunzi kimeangushwa mara nyingi, usikiamini bila kukikagua.

Usalama hauna mjadala. Kwenye kerezo na mashine ya kutobolea usivae glovu, saa, pete wala mkufu. Kinachozunguka hushika kitambaa na kuvuta mkono. Kwa dada anayevaa mtandio, chukua ule wa kuvutika unaoshika kichwa, uuingize wote ndani ya ovaroli, ncha isining'inie. Chembe za chuma ziondoe kwa brashi, si kwa kidole wala kupuliza. Na jambo moja linaloudhi: kwenye vikundi vya karakana wasichana hupewa daftari waandike ripoti wakati wavulana wameshika vifaa. Dada, usikubali. Kikundi kipange zamu, kila mtu ashike tupa na kila mtu aandike, kwa sababu mtihani wa vitendo haufanywi na kikundi.

Programu na somo la mawasiliano yanaenda haraka. Andika kila programu kwa vidole vyako badala ya kunakili, isome mstari kwa mstari ukiandika pembeni thamani ya kila kigeu, na hifadhi kazi mahali pawili. Usilipie programu ghali: Octave na LibreOffice ni za bure, na Autodesk huwapa wanafunzi waliothibitishwa matumizi ya bure ya AutoCAD.

Kosiweki na mtihani wa mwisho

Vyuo vingi hugawa alama 40 za kosiweki (majaribio na kazi za muhula) na 60 za UE (mtihani wa mwisho). Piga hesabu hii mapema. Mwenye 30 kati ya 40 anahitaji 40 kati ya 60 ili afike 70, ambayo kwa vyuo vingi ni A. Hiyo ni kama theluthi mbili ya mtihani. Mwenye 18 anahitaji 52 kati ya 60 kwa A ile ile, na karatasi ya uhandisi haitoi 52 kirahisi. Ndiyo sababu jaribio dogo la wiki ya 5 lina thamani kuliko linavyoonekana.

GPA, wastani wa pointi zako, huhesabiwa kwa kuzidisha pointi za kila kozi kwa krediti zake, kujumlisha, na kugawa kwa krediti zote. Kozi ya krediti 12 ukipata B+ yenye pointi 4, na ya krediti 8 ukipata C yenye pointi 2: (48 + 16) ÷ 20 = 3.2. Daraja la kwanza huanzia 4.4 kwenye kipimo cha 5. Kozi nzito kwa krediti ndiyo ipewe saa nyingi, hata kama ile nyepesi ndiyo unayoipenda.

Pasti pepa zitumie hivi: wiki mbili kabla ya jaribio, kaa peke yako na saa mezani, fanya karatasi nzima bila daftari wala msaada, kisha ndipo diskasheni. Kundi la watu 4 linatosha. Likizidi 6 wawili wanafundisha na wengine wanaitikia kwa kichwa. Kipimo cha diskasheni ni kimoja: kila mmoja amesimama ubaoni na kueleza swali moja mpaka mwisho.

Pesa

Bumu, fedha ya kujikimu ya mkopo wa chuo, huja kwa mikupuo, na si lazima ije siku uliyoitarajia. Nenda chuoni na fedha ya wiki 3 au 4 kutoka nyumbani, hata kama mkopo wako umetoka kwa asilimia 100. Ikitangazwa kwamba majina yametoka, kasaini au uthibitishe mara moja, kwa sababu fedha isiyosainiwa kwa muda uliowekwa hurudishwa Bodi ya Mikopo, na kuifuatilia ni safari ndefu ya ofisini.

Siku inapoingia, igawe kabla hujatumia hata shilingi. Mfano: umepokea 600,000 ya siku 60. Toa 60,000 uiweke kwenye laini nyingine usiyoitumia, hiyo ni ya kuvukia pengo la mkupuo ujao. Toa 60,000 ya nakala, bando na nauli. Inabaki 480,000, yaani 8,000 kwa siku. Jihamishie 56,000 kila Jumatatu. Mnaokaa chumba kimoja mkipika pamoja jioni, wawili au watatu, chakula hushuka bei na huwa bora. Hakikisheni tu kanuni za hosteli zinaruhusu jiko.

Ramadhani, afya na ukikwama

Ramadhani ikiangukia katikati ya muhula, sogeza ratiba. Saa mbili baada ya daku na sala ya alfajiri ndizo bora za hesabu, kichwa kina nguvu na hosteli imetulia. Alasiri weka kazi nyepesi: kunakili, kuchapa ripoti, kupanga madaftari. Siku ya karakana usiache daku, na ukihisi kizunguzungu mbele ya mashine, izime umwambie fundi wa karakana. Jaribio likigongana na sala ya Ijumaa, mwambieni CR siku linapotangazwa, si asubuhi yake.

Ukipata chini ya nusu kwenye jaribio la kwanza, chukua hatua wiki hiyo hiyo. Omba kuiona karatasi yako. Panga makosa katika makundi: hukuelewa mada, ulielewa ukakosea hesabu, au muda uliisha. Kila kundi lina dawa yake, na wengi hutibu la kwanza wakati ugonjwa ni la tatu. Nenda ofisini kwa mhadhiri saa alizotangaza, msalimie, jitambulishe kwa jina na programu unayosoma, kisha mwonyeshe swali uliloanza na mahali ulipokwama. "Shikamoo Dokta, nimefika hapa, hatua hii ya pili sikuipata" hufungua mlango. "Sijaelewa mada yote" humwacha hana pa kuanzia. Ukimwandikia barua pepe, weka namba ya usajili na msimbo wa kozi.

Kama ni zaidi ya masomo, hulali, huli, hutaki kuonana na mtu, kuna ofisi ya mshauri wa wanafunzi. Nenda mapema. Kuahirisha masomo kwa ugonjwa kuna utaratibu wake rasmi, lakini lazima uombwe kabla ya mtihani. Anayetoweka bila karatasi huhesabiwa ameshindwa. Nyumbani piga simu siku maalumu ya wiki, na mweleze mama ukweli wa sapu kabla hajausikia kwa mwingine.

Mafunzo kwa vitendo

Mwisho wa mwaka wa kwanza kuna PT, yaani mafunzo kwa vitendo. Vyuo vingine huifanyia karakanani kwao, vingine humtuma mwanafunzi nje. Kama utatakiwa kutafuta nafasi, usisubiri mitihani iishe. Chukua barua ya chuo mapema muhula wa pili na uipeleke mwenyewe. Tanga ina pa kujifunzia kuliko wengi wanavyodhani. Umeme: vituo vya maji vya Hale na New Pangani Falls, cha pili kikiwa cha megawati 68. Mitambo na vifaa: kiwanda cha saruji Pongwe na bandari. Maji: Tanga UWASA. Barabara: TANROADS mkoa. Na Chongoleani ndipo linapoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Uganda, lililosanifiwa kupashwa joto njia nzima kwa kuwa mafuta yale huganda yakipoa. Hapo kuna uhandisi wa mitambo, umeme na ujenzi mahali pamoja.

Kitabu cha kumbukumbu kijaze kila jioni, usikusanye wiki. Sentensi kama "Leo tulitengeneza pampu" haina thamani kwa msahihishaji. Andika pampu ilikuwa ya aina gani na ilikuwa na dalili gani, mlianza kufungua wapi, mlikuta nini kimelika, mlipima kwa kifaa gani na kipimo kilikuwa ngapi, kilibadilishwa kwa kitu gani, na baada ya kuwashwa ilikuwaje. Chora sehemu moja kwa mkono, weka vipimo, mpe fundi mkuu asaini kabla hajaondoka zamu.